Jina la Mti katika Uchongaji wa Gikomba

Gikomba, katika eneo la Pumwani, mashariki ya Nairobi, ni mojawapo ya mahali ambapo wachongaji Wakamba wamefanya kazi kwa miongo mingi. Asili ya biashara hiyo huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918) akaupeleka kwao Ukambani. Zana zake ni chache: tezo ya kutolea umbo, patasi, tupa na msasa. Makala haya hayachunguzi zana, bali jina la mti kinamotoka kinyago; kwani jina likipotoshwa, msitu hudhurika.

Neno mpingo, kama majina mengi ya miti katika ngeli ya M-/MI-, hutaja mti na vilevile mbao yake. Mti wenyewe (Dalbergia melanoxylon) hukua polepole mno, na moyo wake ni mweusi. Sokoni, hata hivyo, maana ya neno hilo imepanuka: chochote kilicho cheusi huitwa mpingo. Kinyago cha mti mwingine hupakwa rangi nyeusi ya viatu, kikasuguliwa hata kikang'aa, kisha kikauzwa kwa jina hilo. Mnunuzi hupunjika kidogo tu; hasara kubwa ni ya muhugu.

Muhugu (Brachylaena huillensis) ni mti wa misitu mikavu, ikiwemo Karura na Ngong iliyo kandokando ya jiji lenyewe. Miti dume na miti jike ni mbalimbali, mbegu nyingi hazioti, na ukuaji wake ni wa taratibu. Ukikatwa kisha ukauzwa kwa jina la mti mwingine, hapatikani wa kuuliza kupungua kwake.

Mwarobaini una kisa kingine. Jina lake latokana na arobaini, yaani maradhi arobaini ambayo husemwa kwamba mti huo huyatibu. Kwa hiyo katika fikira za msemaji huwa ni dawa kabla ya kuwa mbao. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 wachongaji wa Kenya wamehimizwa kuutumia, pamoja na mwembe mkongwe, mgrevilea na mjakaranda. Hii ni miti ya mashambani na ya kandokando ya barabara. Mwembe uliokoma kuzaa, au mjakaranda ulioangushwa na mvua, hutoa gogo pasipo msitu kuguswa. Tatizo ni kwamba gogo bichi hupasuka likikauka kwa haraka. Hivyo fundi hana budi kulikausha kivulini kwa subira, na subira hiyo ina gharama.

Gharama hiyo hailipwi iwapo kila kinyago kitaitwa mpingo. Hapa ndipo wanaisimu na watunga kamusi wanapohusika. Fasili isemayo tu kwamba mpingo ni "mti mweusi" yaunga mkono upotoshaji wa sokoni. Yafaa kamusi itenge mpingo na muhugu, na itaje kwamba mwarobaini ni mbao pia. Kinyago kikiitwa kwa jina la mti wake, fundi aliyetumia gogo lililoanguka atapata sifa yake, na muhugu utahesabiwa ungali umesimama.