Mtoto wa Maganzo Katika Baraza la Mataifa

Ndugu mzazi, iwapo mwanao atarudi kutoka shule na kukuarifu kwamba Jumamosi ijayo atakuwa mjumbe wa India katika Umoja wa Mataifa, usimcheke, wala usimkemee kwamba ameacha masomo na kushika michezo. Huo ni mchezo kweli, lakini ni mchezo wenye kazi ndani yake, na kwa mtoto wa Maganzo kazi hiyo ina maana ya pekee.

Mchezo wenyewe huitwa Baraza la Mfano la Umoja wa Mataifa. Wanafunzi hugawiwa nchi, hupewa jambo moja linaloisumbua dunia, kisha hukaa kama wanavyokaa mabalozi kule New York, wakiwa na mwenyekiti, orodha ya wasemaji na kanuni za kuomba nafasi ya kusema. Mwisho wa yote huandika azimio na kulipigia kura. Asili ya mchezo huu ni ya kale kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe, ulioundwa mwaka 1945, kwani katika miaka ya 1920 wanafunzi wa Marekani walikuwa tayari wakiigiza Shirikisho la Mataifa lililoutangulia. Hapa Afrika Mashariki wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakikutana Nairobi, katika makao ya Umoja wa Mataifa ya Gigiri, na nchini Tanzania viko vilabu vya Umoja wa Mataifa katika shule na vyuo kadhaa.

SI MDAHALO WA KAWAIDA

Sisi tuliopita shuleni tunaukumbuka mdahalo. Upande mmoja ulitetea kwamba mkulima ni bora kuliko mwalimu, upande wa pili ukapinga, na mwenye sauti kubwa na maneno ya kuchekesha akapigiwa makofi. Mdahalo una faida zake, lakini hutafuta mshindi. Baraza la mfano hutafuta maneno ambayo watu wasiopatana wanaweza kuyakubali kwa pamoja.

Aidha, mjumbe hasemi "mimi naona". Husema "ujumbe wa India unaona". Kanuni hiyo ndogo ina hekima yake, kwa maana anayepingwa si mtu bali ni hoja ya nchi, na wajumbe waliobishana vikali hutoka ukumbini wakiwa marafiki. Wala jambo hili si geni kwa wenyeji wa Usukumani, ambako katika mkutano wa dagashida wanakijiji hukaa pamoja, husikilizana na kutoa uamuzi mmoja.

ALMASI YA NYUMBANI

Tuchukue mfano wa jambo moja linalofaa kujadiliwa katika shule ya Maganzo, nalo ni almasi. Mji huu uko jirani na Mwadui, mahali ambapo Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Kwa hiyo watoto wa hapa hulisikia neno hilo tangu utotoni. Wasichokijua wengi ni kwamba jiwe hilo lina historia katika Umoja wa Mataifa.

Katika miaka ya 1990 almasi ziligharamia vita vya waasi huko Angola na Sierra Leone. Mwezi wa Mei 2000, nchi za kusini mwa Afrika zinazochimba almasi zilikutana Kimberley, Afrika Kusini, kutafuta dawa. Tarehe 1 Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 55/56 kuunga mkono jitihada hizo, na tangu mwaka 2003 utaratibu uitwao Mpango wa Kimberley umekuwa ukitumika. Chini ya mpango huo almasi ghafi haziruhusiwi kuvuka mpaka ila zikiwa ndani ya kasha lililofungwa kwa lakiri, pamoja na hati ya serikali ya nchi zinakotoka. Tanzania ni miongoni mwa washiriki. Maana yake, jiwe lililopatikana karibu na Maganzo haliwezi kuuzwa ng'ambo kihalali bila karatasi iliyozaliwa na mabishano ya wanadiplomasia.

Lakini karatasi hiyo inathibitisha nini? Mpango wa Kimberley unazitaja almasi za vita kuwa ni zile ambazo waasi huzitumia kugharamia vita dhidi ya serikali halali. Wakosoaji husema kwamba tafsiri hiyo ni finyu, kwa sababu haigusi ujira wa mchimbaji wala uharibifu wa ardhi. Mwezi wa Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi ya watu. Kijana wa Maganzo ana haki ya kuuliza kwamba hati inayosafiri na almasi inasema nini juu ya shamba lililofunikwa. Jibu ni kwamba haisemi neno.

Sasa mpe kijana huyo nafasi ya kuisemea India. Katika mji wa Surat wako mamia ya maelfu ya mafundi wanaokata na kung'arisha almasi, na nyumba zao hula kwa kazi hiyo. Masharti mapya yakipunguza mawe yanayofika huko, wao ndio watakaokosa mshahara kwanza. Kijana atakayelazimika kulitetea jambo hilo, hali nyumbani kwao ni Maganzo, atagundua kwamba hata mwisho wa pili wa safari ya jiwe yuko mfanyakazi mwenye watoto. Hilo ndilo somo kuu la mchezo huu. Hatakiwi kuacha kuumizwa na tope la Mwadui, bali atatafuta sharti litakalomlinda mkulima bila kumnyang'anya fundi mkate wake.

MAANDALIZI

Kijana asiende barazani na mdomo mtupu. Kwanza, aisome nchi aliyopewa, yaani inauza nini, inanunua nini, majirani zake ni akina nani, na imewahi kutia sahihi mikataba gani. Pili, aandike waraka wa msimamo usiozidi ukurasa mmoja, wenye kueleza tatizo, nchi yake imefanya nini, na sasa inataka nini. Tatu, ayapange madai yake katika mafungu matatu: yale asiyoweza kuyaachia, yale anayoweza kuyapunguza, na yale atakayoyatoa ili apewe kitu.

Nawe mzazi una nafasi yako. Wachimbaji wadogo na madalali wanaojua bei na vipimo vya mawe ni jirani zako, basi mpeleke akawaulize. Jioni mpe dakika mbili atoe hotuba yake mbele ya familia, kisha mpinge kwa adabu. Na ikiwa mjumbe ni binti, mpunguzie kazi za jikoni juma hilo, apate wakati wa kusoma sawa na kaka yake. Mtanzania aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007 hadi 2012 ni mwanamke, Dk. Asha-Rose Migiro.

NDANI YA UKUMBI

Siku ikifika, mwenyekiti huita majina ya nchi, kisha kila mjumbe hutoa hotuba fupi. Lakini kazi yenyewe hufanyika wakati wa mapumziko ya mashauriano, wajumbe wanapokusanyika pembeni na karatasi zao. Hapo huandikwa rasimu ya azimio. Sehemu ya kwanza hutaja sababu, kwa maneno kama "Likikumbuka" na "Likitambua", na sehemu ya pili hutaja hatua za kuchukuliwa. Huenda nusu saa ikapita katika kubishania kama Baraza "linazitaka" nchi au "linaziomba". Usidhani hayo ni madogo, maana neno kali mno huwafukuza waungaji mkono, na neno legevu mno halimsaidii mtu.

Katika Baraza Kuu kila nchi kati ya 193 ina kura moja. Baraza la Usalama lina wajumbe 15, na watano kati yao, yaani China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi, wana kura ya turufu. Watanzania tunaijua kura hiyo. Mwaka 1981 Dk. Salim Ahmed Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akazuiliwa na turufu ya Marekani. Huyo ndiye aliyekuwa balozi huko Cairo mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, na Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979.

Yafaa vijana wakumbushwe pia safari ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwezi wa Machi 1955, alipokwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Hakudai uhuru wa siku ile ile. Aliomba itamkwe wazi kwamba Tanganyika, ingawa ina watu wa rangi nyingi, kimsingi ni nchi ya Waafrika. Aliomba kitu ambacho wasikilizaji wake wangeweza kukitoa, na juu yake akajenga. Uhuru ulipatikana Desemba 1961.

LUGHA NA FEDHA

Wako watakaosema kwamba mchezo huu ni wa watoto wa shule za gharama na wajuao Kiingereza. Ni kweli kwamba Kiswahili hakimo katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Basi baraza la kwanza la shule na lifanywe kwa Kiswahili, watoto wapate kufikiri kwa lugha wanayoimudu, na la pili lifanywe kwa Kiingereza.

Ama kuhusu gharama, darasa moja latosha, madawati yakipangwa kwa duara, majina ya nchi kumi na mbili yakiandikwa juu ya vipande vya boksi, na mwalimu akiwa na saa na kengele. Kamati ya shule inaweza kulipanga jambo hilo kwa Jumamosi moja ya muhula. Wazazi waalikwe wakae nyuma, wasikilize watoto wao wakiyasemea mataifa, nao wasiingilie mpaka kura ipigwe.