Mafundi Baiskeli na Ubishi wa Nani Aliruka Kwanza

Wajukuu zangu, mkiwa shambani hapa Mabira, kabla ya kuinamia mibuni, inueni macho. Mwewe anazunguka juu ya migomba wala hapigi mabawa. Upepo ukimyumbisha, hunyonga kidogo ncha ya bawa moja, akakaa sawa. Ishikeni hiyo ncha ya bawa, maana leo nawasimulia ubishi mkubwa, na mimi jibu lake naliona hapo.

Ubishi wenyewe ni huu: nani alikuwa wa kwanza kuruka kwa ndege ya injini? Mmezoea kusikia ni Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili wa Marekani. Liseme hilo Brazil, utasahihishwa hapo hapo: ni Alberto Santos-Dumont! Mfaransa atakutajia Clément Ader. New Zealand wanaye mkulima wao, Richard Pearse. Hata huko Marekani, jimbo la Connecticut lilitunga sheria mwaka 2013 ya kumpa heshima hiyo Gustave Whitehead, mhamiaji kutoka Ujerumani.

Ader alitangulia kwa miaka. Tarehe 9 Oktoba 1890 mashine yake ya mvuke, Éole, iliinuka kama sentimita 20 kutoka ardhini na kwenda mita 50 hivi. Kimo hicho hakifiki goti la mtoto, lakini iliinuka. Kilichokosekana ni njia ya kuiongoza. Whitehead inasemekana aliruka Agosti 1901, na gazeti la mji wake liliandika. Ila picha inayoonyesha wazi mashine ikiwa hewani haipo, na mmoja wa waliotajwa kuwa mashahidi alikana baadaye. Pearse naye majirani walisema walimwona akiruka mwaka 1903, lakini mwenyewe, katika barua alizopeleka magazetini, aliwaachia ndugu Wright nafasi ya kwanza. Namheshimu sana kwa hilo.

Sasa ndugu Wright. Hawa walikuwa mafundi baiskeli wa mji wa Dayton. Ninyi mnaijua baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi kuteremka mlima: haijisimamii hata kidogo, anayeiendesha ndiye anayeiweka sawa kila hatua. Wengi wakati ule walitafuta mashine itakayotulia yenyewe angani. Mafundi hawa wakaona rubani lazima awe na uwezo wa kuiweka sawa kwa mkono wake.

Mwaka 1899 Wilbur alikuwa dukani anaongea na mteja, mkononi ana boksi jembamba la mpira wa ndani wa baiskeli. Huku anaongea, akawa analinyonga. Jaribuni wenyewe: chukueni ganda la kiberiti, toeni kile kijisanduku cha njiti, mshike miisho miwili, mnyonge polepole. Kona moja inashuka, ya upande wa pili inapanda. Wilbur akaona mabawa pale. Kumbe mabawa ya mashine yanaweza kunyongwa vivyo hivyo kwa kamba, yafanye kama ya mwewe! Wakajaribu kwa tiara, kisha kwa ndege zisizo na injini, na mwaka 1902 pekee walielea hewani mamia ya mara kabla hawajagusa habari ya injini.

Injini aliitengeneza fundi wao, Charlie Taylor, ya nguvu za farasi 12. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa pwani karibu na Kitty Hawk, Orville alilala kifudifudi juu ya bawa, mashine ikateleza kwenye reli ya mbao, ikaondoka. Sekunde 12, mita 36 hivi. Watu watano walishuhudia, na mmoja wao, John Daniels, alibonyeza kamera. Siku hiyo hiyo, mara ya nne, Wilbur alikaa hewani sekunde 59 akaenda mita 260.

Halafu ndugu hao wakaficha kazi yao, wakiogopa kuibiwa. Kwa hiyo tarehe 12 Novemba 1906, Santos-Dumont aliporuka mita 220 mjini Paris mbele ya umati na wakaguzi, Ulaya iliamini ndiye wa kwanza. Wabrazil wanaongeza kwamba ndege yake iliondoka kwa magurudumu yake, wakati ndugu Wright, kuanzia 1904, walisukumwa na uzito ulioangushwa kutoka kwenye mnara. Ni kweli, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mwaka 1903 hapakuwa na mnara, palikuwa na ile reli na upepo wa mbele tu. Na Oktoba 1905 Wilbur alikuwa tayari anazunguka angani dakika 39, karibu kilomita 39, akikata kona anavyotaka. Kwangu mimi, anayekata kona na kurudi ndiye aliyeruka.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1914 Mjerumani Bruno Büchner alikuwa na ndege yake Dar es Salaam, na kabla mwaka huo haujaisha ndege ya Waingereza iliruka juu ya delta ya Rufiji kuisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari za kutoka London hadi Mwanza, kwenye ziwa letu hili.

Lakini wakati ndege zikienea hivyo, ndugu Wright wenyewe walinyimwa heshima nyumbani. Makumbusho ya Smithsonian yaliisifu mashine ya mkuu wa zamani wa taasisi hiyo, Samuel Langley, ingawa mwaka 1903 ilitumbukia mtoni mara mbili. Orville alikasirika, na mwaka 1928 akaipeleka ndege yake London. Mwaka 1942 makumbusho yaliomba radhi, na mwaka 1948 ndege ikarudi, Orville akiwa ameshafariki. Warithi wake wakaandikiana mkataba na Smithsonian: siku makumbusho yatakapotangaza kwamba mtu mwingine alitangulia, ndege hiyo wataichukua.