Kisima Kikiingia Chumvi, Usiongeze Kina

Msomaji wa Mtawanya, Kibiti, ameniletea swali. Ndugu zake walio upande wa Nyamisati wanamwagilia matikiti kwa kisima ambacho miaka yote kilitoa maji baridi. Sasa yana chumvi. Fundi amewaambia wachimbe zaidi, eti maji mazuri yako chini. Wamsikilize?

Wasimsikilize. Habari za mvua na mawingu tulizimaliza shule ya msingi. Twende chini, kwenye utamu wenyewe.

Karibu na bahari, maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mchangani. Wataalamu huyaita lenzi, neno linalonipeleka kwenye miwani; mimi nitayaita chelezo, maana kazi yake ni kuelea. Lita 1,000 za maji baridi zina uzito wa kilo 1,000. Za bahari, kama kilo 1,025. Gawanya 1,000 kwa ile tofauti ya 25, unapata 40. Basi maji baridi yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yameshuka mita 40 chini yake. Mholanzi Badon Ghijben aliliona hilo mwishoni mwa miaka ya 1880. Mjerumani Herzberg akalifikia kivyake, akaliandika 1901.

Wakumbuke wenye majahazi waliokuwa wakipakia boriti za mikoko kwenye delta ya upande huo wa Nyamisati kupeleka Uarabuni. Jahazi likishiba, mkuku uko chini kabisa. Hamali akianza kupakua, yeye anatazama boriti zilizo juu. Huku chini mkuku unapanda. Pampu ndiyo hamali wetu, ila jahazi hili, yaani chelezo, limeundwa kwa maji matupu: kila upande wake wa juu unaposhuka kidogo, mkuku hupanda mara 40 ya hapo. Tena ni laini. Ukipakua mahali pamoja tu, mkuku unabinuka pale pale, chini ya pampu, na chumvi inaufuata.

Chukua kisima kilichofika mita 30 chini ya usawa wa bahari, na maji baridi yamesimama mita 1 juu ya usawa huo. Chumvi iko mita 40, salama. Vuta hadi maji yashuke nusu mita, mahesabu yanaiweka chumvi mita 20. Kisima kimeshaizamia. Ukiongeza kina, unaifuata kwake. (Tabaka za mfinyanzi huvuruga hesabu hizi, na kupanda huko huchukua muda. Tuendelee.)

Na kibali je? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imezipa bodi za mabonde kazi ya kutoa vibali vya matumizi ya maji, ya ardhini yakiwemo. Lakini kibali hakipunguzi kasi ya pampu shambani. Hao ndugu wakipumzishe kisima hicho, wachimbe vifupi viwili vitatu vilivyoachana, vyenye kuishia juu ndani ya chelezo, wavute kidogo kidogo kwa zamu. Pampu kubwa waiuze.