Nyumba ya Kupangisha au Hatifungani? Neno kwa Wanaokaribia Kustaafu

Hapa Tanzania, mwajiriwa hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55. Anayestahili pensheni hulipwa mkupuo mmoja, kisha malipo ya kila mwezi. Kwa familia nyingi, mkupuo huo ndio fedha kubwa kuliko zote zitakazopata kushikwa nyumbani kwa siku moja. Ndipo waamini hutuuliza: tujenge nyumba ya kupangisha, au tununue hatifungani?

Wengi wetu huchagua nyumba bila kusita, na si kwa ujinga. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ardhi aliyoinunua mfanyakazi kwa akiba yake ni ujira wake uleule katika sura nyingine. Tena bei zikipanda, kodi ya pango nayo yaweza kupanda, na nyumba hurithiwa na watoto.

Hata hivyo, katika parokia zetu tunayaona maboma yaliyoishia kwenye linta, fedha ikiwa imekwisha na nguvu za mwenyewe zimepungua. Bwana wetu alikwisha kutuonya tuketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Lk 14:28). Boma halilipi kodi. Na mzee akiugua ghafla, hawezi kuuza chumba kimoja ili alipe hospitali.

Hatifungani ni mkopo ambao mwananchi anaipa Serikali kupitia minada ya Benki Kuu. Mwekezaji huanza na shilingi 1,000,000, na muda waweza kufika miaka 25. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na mtaji hurudishwa muda ukiisha. Kwa mfano, shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka huleta shilingi 600,000 kila nusu mwaka, bila fundi wala mpangaji anayechelewesha kodi. Lakini kiasi hicho hakiongezeki: baada ya miaka 15 kitanunua unga na dawa pungufu. Na anayehitaji mtaji mapema hulazimika kuiuza hatifungani katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, pengine kwa hasara.

Ipo pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005. Humo mtu hununua vipande na kuviuza kidogo kidogo kadiri ya mahitaji, ingawa thamani yake yaweza kushuka.

Basi tushike lipi? Mhubiri anashauri kugawa fungu hata mara saba au nane, kwa maana hatujui baya litakaloipata nchi (Mhu 11:2). Kwa hiyo twashauri utaratibu huu. Kwanza, itengwe fedha ya matibabu na chakula, mahali inapopatikana kwa haraka. Pili, nyumba iliyokwisha kuanzwa ikamilishwe kabla ya kununua kiwanja kingine. Tatu, kinachobaki kigawanywe, kisiwekwe chote mahali pamoja.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alikumbusha kwamba uamuzi wa kuwekeza hapa badala ya pale ni uamuzi wa kimaadili. Mwenye nyumba ataulizwa alivyomtendea mpangaji wake. Vivyo hivyo, mume ataulizwa kama mkewe alijua mali yao iko wapi. Tumewazika waume, na wajane wakabaki wakitafuta hati wasiyopata kuiona. Majina ya wanandoa wote wawili na yaandikwe kwenye hati, na wasia uandikwe mapema.

Mazungumzo haya yafanyike mezani, baba, mama na watoto waliokwisha kukomaa, kabla fedha haijaingia benki. Ikiisha kuingia, washauri huwa wengi, na mwenye mali huwa na haraka.