Lilongwe hadi Dar: kilomita 970, lakini saa ngapi?

Kutoka uwanja wa ndege wa Kamuzu, pale Lumbadzi, hadi uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 970. Ndiyo njia fupi kuliko zote, ile unayoipata ukivuta uzi juu ya tufe la dunia. Uzi huo hukata Ziwa Malawi (Nyasa, kwa Watanzania) kusini kidogo ya Nkhotakota, ambako majumbe wa Kiswahili wa karne ya 19 walivusha misafara kwenda Kilwa, ukapita kona ya Msumbiji na kuingia Tanzania upande wa Ruvuma. Basi hupanda kwanza hadi Karonga na Kasumulu, likashika njia ya Mbeya. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,500.

Umbali hauna ubishi. Muda ndio wenye vituko. Ndege ya jeti ikishatulia juu hukimbia karibu kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo hesabu ya darasani ingetoa saa moja na dakika kumi. Lakini muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Kuna kutambaa chini, kupanda taratibu, kushuka na kusubiri zamu ya kutua. Kwa jeti, weka saa moja na nusu. Ndege ya mapangaboi huongeza kama dakika ishirini.

Hapo ndipo mkazi wa Mtandire au wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka anaponaswa. Malawi iko saa moja nyuma ya Tanzania na Kenya, na saa zinazoandikwa kwenye tikiti ni za kila uwanja kwa mahali pake. Tuseme umeondoka Lilongwe saa nne asubuhi. Baada ya saa moja na nusu unatua Dar, na saa ya ukutani inaonyesha saa sita na nusu mchana. Ukirudi, ukaondoka Dar saa nane mchana, unatua Lilongwe saa nane na nusu. Anayetoa tu atadhani kwenda ni saa mbili na nusu na kurudi ni nusu saa! Kwenda mashariki, punguza saa moja kwenye jibu, kurudi, ongeza. Waliotoka Bukavu, Bujumbura au Kigali ndio hujisahau zaidi, kwa sababu saa za huko ni sawa na za Malawi na hawajawahi kuhitaji hesabu hii wanapopiga simu nyumbani.

Wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu wana jambo jingine. Lilongwe hadi Washington kwa uzi ule ni kama kilomita 12,800. Ukipitia Addis Ababa inazidi 14,100. Tena Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, na ndege nzito haiwezi kuruka na mafuta yote ya kuvuka bahari. Kwa hiyo usishangae ukitua mahali pa kujaza mafuta ambapo hukupataja kwa jamaa.

Na tarehe iangalieni vizuri. Tikiti ikisema 00:40 ya tarehe 12, ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 12. Lumbadzi unatakiwa uwepo jioni ya tarehe 11.