Kompyuta kuzimika msimu wa joto: Mkamate mchawi kabla ya kununua kifaa

NI saa 8:00 mchana, katikati ya Februari, Mwanakwerekwe. Kaskazi inavuma huko nje, lakini ndani ya chumba cha mbele chenye paa la bati upepo hauingii. Mwenye nyumba amekigeuza chumba hicho kuwa mahali pa kuchapa barua, kutoa nakala na kujaza fomu za wanafunzi. Mteja amekaa kwenye benchi akisubiri barua ya kuomba kazi. Ukurasa wa pili haujakwisha, kioo kinakuwa cheusi. Kompyuta imejizima.

Inawashwa tena, inafanya kazi dakika tano, inazima. Mteja anatazama saa, anaaga kwa adabu na kwenda duka jingine.

Jioni kompyuta inabebwa hadi kwa fundi. Fundi anafungua ubavu wa kasha, anaiweka mezani karibu na feni, anaiwasha. Inakaa saa nzima bila kuzima. "Mbona nzima hii?" anauliza. Kesho yake saa 8:00 mchana, nyumbani, mambo ni yale yale.

Mfano huu si mgeni kwa watu wanaotegemea kompyuta ya nyumbani kupata riziki Unguja. Wapo wanaobadilisha bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi. Wengine hubadilisha pawa saplai, au hununua kompyuta nyingine kabisa, kisha tatizo likarudi. Kosa ni kununua kifaa kabla ya kujua chanzo.

Hesabu ndogo ya joto

Miezi ya Januari, Februari na Machi ndiyo yenye joto kali zaidi Zanzibar. Mchana kipimo hufika nyuzi joto 32 hadi 33 kivulini, na chini ya bati lisilo na dari huwa juu zaidi. Kompyuta nyingi za mezani hutengenezwa kufanya kazi katika chumba kisichozidi nyuzi 35. Maana yake ni kwamba msimu wa kaskazi mashine inafanya kazi ukingoni.

Ndani ya kasha, prosesa ndiyo inayotoa joto jingi. Juu yake kuna kipozeo cha aluminiamu chenye mapezi, na juu ya kipozeo kuna feni. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kupitisha hewa ya chumbani ili ibebe joto, hivyo prosesa daima itakuwa na joto zaidi ya chumba ilimo.

Chukua kompyuta ambayo prosesa yake, ikifanya kazi nzito, inazidi joto la chumba kwa nyuzi 50. Wakati wa kusi chumba kikiwa na nyuzi 25, prosesa itakuwa na 75. Hapo haina neno. Mapezi yakizibwa na vumbi, tofauti hiyo inaweza kupanda hadi 65. Kwa chumba cha nyuzi 25 prosesa inafika 90, na mwenye kompyuta haoni dalili yoyote isipokuwa feni kupiga kelele. Kaskazi inapoingia na chumba kufika nyuzi 35, hesabu inakuwa 100. Prosesa nyingi za kisasa zinapokaribia kiwango hicho hupunguza kasi ili kujiokoa, na joto likiendelea kupanda hujizima.

Kwa hiyo vumbi lilikuwamo tangu Julai. Joto la Februari limelifichua tu. Ndiyo maana kompyuta "iliyokuwa nzima siku zote" huanza kusumbua msimu mmoja kila mwaka, na ndiyo maana kwa fundi, ikiwa wazi na mbele ya feni, inaonekana nzima.

Kujizima huko ni kinga, na zamani si kila prosesa ilikuwa nayo. Mwaka 2001 jarida la kompyuta la Tom's Hardware lilionyesha jaribio la kung'oa vipozeo huku kompyuta zikiendelea kufanya kazi. Pentium 4 ilipunguza kasi ikaendelea, Pentium III ikasimama bila kuharibika, na prosesa za Athlon za wakati huo zikaungua.

Daftari kabla ya bisibisi

Joto si mshukiwa pekee. Umeme mdogo, ramu yenye kasoro, kapasita zilizochoka na hata programu mbovu huzima kompyuta. Wote hao wanaweza kufanya fujo mchana wa Februari, na lawama ikaenda kwa jua.

Njia rahisi ya kuwatenganisha haihitaji fedha. Ni daftari. Kwa muda wa siku saba, kila kompyuta inapozima, andika mambo manne: saa ngapi, ilikuwa imewaka kwa muda gani, ilikuwa ikifanya kazi gani, na ilizima vipi. Je, ilikatika ghafla kama taa, ilijiwasha upya, iliganda, au ilitoa skrini ya bluu yenye maandishi?

Windows nayo huweka kumbukumbu zake. Tukio namba 41 la Kernel-Power huandikwa kila kompyuta inapowaka baada ya kuzima bila utaratibu. Namba hiyo haitaji chanzo, na saa yake ni ya kuwaka tena, lakini inasaidia kukadiria kompyuta ilizima lini. Aidha, Windows kwa kawaida hujiwasha upya yenyewe baada ya skrini ya bluu, hivyo mtumiaji hawahi kusoma kitu. Mpangilio huo unaweza kuondolewa, na maneno yakabaki kwenye kioo hadi yanakiliwe.

Baada ya wiki, daftari litakuwa na sura yake. Kompyuta inayozima baada ya dakika 20 za kwanza, kisha baada ya tano ikiwashwa papo hapo, lakini ikipumzishwa nusu saa inarudi kwenye 20, inaelekeza kwenye joto. Inayozima saa zile zile za jioni, taa zikififia na feni ya dari ikipunguza mwendo, inaelekeza kwenye umeme. Inayozima bila mpangilio, hata asubuhi baada ya mvua, inaelekeza kwenye ramu, diski au programu.

Kuthibitisha joto

Fungua ubavu wa kasha na elekeza feni ya mezani ndani. Tumia kompyuta kama kawaida saa ile ile inayosumbua. Ikiwa haizimi, chanzo kimepatikana kwa sehemu kubwa. Ipo pia programu ya bure ya HWMonitor inayoonyesha joto la prosesa na diski, na kompyuta nyingi huonyesha kipimo hicho ndani ya BIOS. Joto la prosesa likipanda hadi karibu na nyuzi 100 kabla tu ya kuzima, hakuna haja ya ramli.

Dawa yake kwa kawaida ni usafi. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili kuondoa chaji ya mwilini, kisha puliza vumbi kwa blowa ukiwa nje ya nyumba. Shikilia feni isizunguke wakati wa kupuliza, kwani kuzungushwa kwa kasi huiharibu. Pawa saplai ipulizwe kupitia matundu yake bila kufunguliwa, kwa kuwa ndani hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

Iwapo joto linabaki juu baada ya usafi, angalia dawa nyeupe au ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo. Baada ya miaka hukauka na kuacha kupitisha joto vizuri. Hufutwa kwa spiriti na kupakwa mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kazi hiyo ni nafuu kuliko bodi yoyote.

Wenye laptopu wana kosa lao: kuiweka juu ya godoro, mto au zulia. Matundu ya hewa mara nyingi yapo chini, na kitambaa huyaziba. Iwekwe mezani. Betri ikionekana kuvimba, isiendelee kutumika wala kutobolewa, kwani inaweza kuwaka moto.

Umeme nao ni mshukiwa

Wazanzibari hawahitaji kufundishwa thamani ya umeme. Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi kwa miezi mitatu, kutokana na hitilafu za njia inayoleta umeme kutoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari. Kebo ya wakati huo, ya tangu mwaka 1980, ilikuwa na uwezo wa megawati 45. Baadaye ililazwa nyingine ya megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa msaada wa Marekani.

Lakini kebo kubwa baharini haiondoi tatizo la waya mwembamba mtaani. Msimu wa joto mafeni, friji na viyoyozi hufanya kazi kwa pamoja, na nyumba iliyo mwisho wa laini hupata volti pungufu. Kipimo cha kawaida ni volti 230. Fundi umeme apime kwenye soketi jioni, friji zikiwa zinawaka, si asubuhi. Ikisoma chini ya 200 mara kwa mara, na majirani wana tatizo hilo hilo, jambo hilo lipelekwe Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO). Nyumba moja tu ikiwa na tatizo, zikaguliwe soketi na nyaya za ndani. Plagi inayopata moto ikiguswa ni onyo la kutosha.

Pawa saplai nyingi mpya huvumilia volti 100 hadi 240. Za zamani zina kiswichi chekundu nyuma chenye namba 115 na 230, na hizo ndizo hulegea haraka umeme ukishuka. Kiswichi hicho kisiguswe kwa kudhani kitasaidia. Kukiweka kwenye 115 hapa kwetu ni kuunguza pawa saplai mara moja.

UPS yenye betri nzima ni kinga na pia ni kipimo. Kompyuta ikiacha kuzima baada ya kuwekewa UPS, mshukiwa alikuwa umeme. Ikiendelea kuzima huku taa ya UPS ikiwaka kama kawaida, tafuta kwingine. Umeme ukikatika, chomoa mashine na subiri dakika chache baada ya kurudi, kwani mwanzoni huweza kuja kwa kishindo.

Kapasita, ramu na chumvi ya bahari

Ndani ya bodi kuu na pawa saplai kuna kapasita, vikopo vidogo vyenye majimaji. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Ile iliyotarajiwa kudumu miaka minane penye baridi itadumu minne, pengine miwili, ndani ya kasha lenye moto.

Miaka ya mwanzo ya 2000 ulimwengu ulikumbwa na kapasita mbovu kiwandani. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 za Marekani kutengeneza kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Funzo kwa mnunuzi wa mtumba ni kuomba kasha lifunguliwe kabla ya kulipa. Kapasita iliyovimba kichwani au kutoa uchafu wa kahawia huonekana kwa macho.

Ramu hupimwa kwa programu ya bure ya MemTest86 inayowashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa usiku mzima. Kosa hata moja linatosha kutilia shaka, lakini kwanza jaribu kipande kimoja kimoja. Hewa ya kisiwani ina unyevu na chumvi, na miguu ya shaba ya ramu huweka ukungu. Mafundi huifuta kwa raba ya penseli kisha spiriti, na mara nyingine tatizo huishia hapo.

Kuhusu diski, watafiti wa Google mwaka 2007 walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kuwa uhusiano kati ya joto na kuharibika kwa diski ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Yaani diski inaweza kufa hata penye baridi. Hivyo kazi za wateja zihifadhiwe sehemu ya pili kabla ya uchunguzi wowote kuanza.

Kuandaa msimu ujao

Mkulima hangoji mvua za masika zianze ndipo atafute jembe. Mwenye kompyuta naye asingoje Februari. Novemba, kabla kaskazi haijashika, ndiyo wakati wa kupuliza vumbi, kusikiliza feni, na kulisogeza kasha mbali na ukuta walau kwa shibiri moja. Lisiwekwe sakafuni penye mchanga wala dirishani panapopigwa na jua la mchana. Pazia na dari chini ya bati hupunguza joto la chumba, na kila nyuzi inayopungua chumbani hupungua pia kwenye prosesa. Kazi nzito, kama kuchakata video za harusi, zifanywe usiku au alfajiri.

Yule mwenye chumba cha kuchapa pale Mwanakwerekwe, akiwa na daftari la wiki moja mkononi, anaingia kwa fundi kwa namna nyingine. Hasemi tena kuwa kompyuta imekufa. Anasema inazima baada ya dakika 20, mchana tu, na ikifunguliwa ubavu mbele ya feni haizimi. Fundi mwenye kusikia maneno hayo atachukua blowa na dawa ya prosesa. Akitaja bodi mpya, mteja ana haki ya kumuuliza: kwa ushahidi gani?