Beki wa Kisumu Aliyezunguka Dunia

Ukitoka mjini Kisumu kwa njia ya Busia, ukakipita kiwanja cha ndege, muda si muda utafika Kisian. Hapo ndipo barabara ya kwendea Bondo inapochepuka kushoto, na reli ya Butere nayo hupita papo hapo. Watu wa mbali wakipajua mahali hapa, aghalabu ni kwa ajili ya kituo cha utafiti ambamo wataalamu wameshughulika na malaria kwa miaka mingi. Lakini kwa wenyeji wa ufuko huu wa ziwa mazungumzo ya jioni ni mpira. Kandanda kwao ni kama dufu na mashairi kwetu sisi watu wa pwani: kila mtaa una mabingwa wake na kila mzee ana hoja yake.

Na sifa yao si ya maneno matupu. Luo Union ilitwaa kombe la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976, ikarudia mwaka 1977. Gor Mahia ikaja kulitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ilipokwenda sare na Espérance ya Tunis mara mbili, 2-2 kule kwao na 1-1 Nairobi, ikashinda kwa mabao ya ugenini. Waulize wazee wa mpira habari za kombe hilo, watakutajia wafungaji, Peter Dawo na Abbas Khamis Magongo. Ni wachache watakaokukumbusha kwamba nahodha aliyelipokea kombe, Austin Oduor, alikuwa mlinzi. Ndivyo ilivyo kazi ya beki. Akifanya vyema dakika tisini, hatajwi. Akiteleza mara moja, atatajwa mwaka mzima.

Basi leo, ndugu msomaji, tumtaje beki mmoja wa upande huo. Ni Joseph Okumu, aliyezaliwa Kisumu tarehe 26 Mei 1997. Ni kijana mrefu, zaidi ya mita 1.90, mtulivu wa miguu, na si mtu wa kupiga mpira ovyo kuuondoa mbele ya lango. Yeye huutuliza kwanza, akatazama, kisha akampa mwenzake. Walinzi wa namna hiyo huwatia hofu mashabiki wao wenyewe kabla ya kuwafurahisha.

Alianzia Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari mashariki ya Kisumu. Kutoka hapo akavuka kwenda Afrika Kusini, katika Free State Stars, na huko hakupata nafasi kubwa. Wengi hurudi nyumbani wakifika hapo. Okumu hakurudi. Alikwenda Marekani, akaanzia chini kabisa, AFC Ann Arbor ya jimbo la Michigan, timu ya daraja ambalo hata Wamarekani wenyewe hawalifuatilii sana. Mwaka 2018 akachukuliwa na Real Monarchs ya Utah, ambayo ni timu ndogo ya Real Salt Lake. Mabaharia wetu wa zamani walijua kungoja upepo wa kaskazi ugeuke kuwa kusi. Mchezaji wa namna hii naye hungoja, ila yeye hajui utageuka mwezi gani.

Ukageuka mwaka 2019, na uligeuka kwa msiba wa mwenzake. Harambee Stars walikuwa wamepiga kambi Ufaransa kujiandaa kwa fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri, na Brian Mandela, beki wa kati aliyetegemewa, akaumia goti kambini. Kocha Sébastien Migné akamwita mbele Okumu, kijana ambaye Wakenya wengi hawakuwa wamemwona akicheza. Kikosini walikuwamo walinzi wenzake Musa Mohammed na Abud Omar, majina yasiyokuwa mageni kwa wasomaji wetu.

Algeria, waliokuja kuwa mabingwa, waliwafunga 2-0. Kisha tarehe 27 Juni, mjini Cairo, ikaja mechi ambayo bado hugombanisha watu katika vibaraza vya Mombasa na Tanga: Kenya na Tanzania. Simon Msuva aliwatanguliza Watanzania, Michael Olunga akasawazisha, na kabla Wakenya hawajamaliza kushangilia Mbwana Samatta akafunga la pili. Baada ya mapumziko Johanna Omolo akasawazisha, na Olunga akamaliza kazi, 3-2. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo tangu mwaka 2004. Senegal waliwachapa 3-0 na safari ikaishia hapo. Lakini kwa Okumu ndipo ilipoanza, kwani mwezi wa Agosti alikuwa Sweden, na Elfsborg ya mji wa Borås.

Mwaka 2020 Elfsborg ilimaliza ya pili katika ligi ya Sweden. Mwaka 2021 akahamia Gent ya Ubelgiji, na Aprili 2022 timu hiyo ikatwaa kombe la nchi kwa kuwashinda Anderlecht kwa penalti 4-3 baada ya sare ya bila kwa bila. Mwaka 2023 Reims ya Ufaransa ikamnunua, na magazeti ya huko yakataja bei ya yuro zaidi ya milioni 10. Ni fedha ambayo hapo awali haikuwa imesikika kwa beki wa Kenya. Reims yenyewe ni mji unaosifika kwa mvinyo kuliko kwa mpira, ingawa timu yake ilifika fainali ya Ulaya mara mbili, 1956 na 1959, ikafungwa na Real Madrid zote mbili.

Huko majeraha yamemweka nje mara kwa mara, na mwaka 2025 Reims ilipata mwezi mchungu: tarehe 24 Mei ilifungwa 3-0 na Paris Saint-Germain katika fainali ya kombe la Ufaransa, kisha siku chache baadaye ikafungwa na Metz na kushuka daraja.

Lakini kinachonisumbua mimi si Reims. Ni Chemelil. Timu iliyompandisha Okumu iliteremka kutoka Ligi Kuu mwaka 2020. SoNy Sugar, ya kiwanda kingine cha sukari cha Nyanza, ilikuwa imekwisha kuondolewa ligini mwaka 2019 kwa kushindwa kufika uwanjani. Kisumu imepata uwanja mpya pale Mamboleo, uliotumika kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021, na fainali za Afrika za 2027 zilikabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Viti vipo na nyasi zipo. Ila kijana wa miaka kumi na saba wa Kisian, mrefu, mtulivu, asiyependa kupiga mpira ovyo, timu ya kiwanda ya karibu na kwao itakayompa jezi na posho ataitafuta wapi?